Pikapu katika Ufipa

Pikapu ni gari la mizigo lenye kebini mbele na bodi ya wazi nyuma, ambalo kwa kawaida hujengwa juu ya fremu ya chuma. Katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, gari hili hubeba mahindi, maharage, mbolea, mabati, samaki wa Ziwa Tanganyika na watumishi wanaokwenda vijijini. Mtu wa Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, au wa mji wa Sumbawanga anayetaka kununua pikapu hulinganisha kwanza Toyota Hilux na Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70. Baada ya hizo huja Isuzu D-Max, Ford Ranger, Mitsubishi L200 na Nissan Navara. Pikapu kubwa za Marekani, ambazo wengi huziona kwenye filamu, hazimo katika ushindani huo.

Uamuzi wenyewe si mdogo. Bei ya pikapu moja inaweza kuzidi mapato ya mavuno ya miaka kadhaa ya mkulima wa kati, na gari likiharibika mwezi wa Februari kwenye njia ya udongo, mzigo hukaa pale pale mpaka spea ifike kutoka mbali. Kwa sababu hiyo nguvu ya injini, ambayo ndiyo hutangazwa zaidi na watengenezaji, si jambo la kwanza kuangaliwa Ufipa.

Mazingira

Sehemu kubwa ya Ufipa iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na vilele vyake hupita mita 2,000. Upande wa magharibi ardhi hushuka hadi Ziwa Tanganyika, lenye kimo cha mita 773 hivi. Upande wa mashariki ukingo wa Lyamba lya Mfipa huangukia bonde la Ziwa Rukwa, kwenye kata kama Muze na Mtowisa. Gari linalotoka Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga hushuka karibu mita elfu moja katika safari ya zaidi ya kilomita 100 kidogo, kisha hupanda tena likirudi, mara nyingi likiwa na mzigo.

Lami imebadilisha mambo. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikamilishwa kwa lami katika miaka ya 2010, na ile ya Sumbawanga–Matai–Kasanga nayo iliwekwa lami. Hata hivyo, shamba haliko kandokando ya lami. Njia za vijijini, zinazosimamiwa na TARURA tangu wakala huo ulipoanzishwa mwaka 2017, kwa sehemu kubwa ni za changarawe na udongo. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na udongo mwekundu wa Ufipa ukilowa huteleza kama sabuni. Mkulima wa Mwimbi, Ulumi au Mambwe Nkoswe hulazimika kuhesabu kilomita chache za mwisho kabla ya kuhesabu zile mia za lami.

Kimo nacho kina athari. Kwenye mita 1,800 hewa huwa nyepesi kuliko pwani kwa asilimia 15 hadi 20 hivi. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupata hewa pungufu kwa kiasi hicho, ikapoteza nguvu na kutoa moshi mweusi mlimani. Injini yenye tabo husukumiwa hewa kwa nguvu, hivyo hasara yake ni ndogo.

Historia

Kabla ya pikapu kuenea, mazao ya Ufipa yalibebwa kichwani, kwa punda, kwa baiskeli na hasa kwa mikokoteni ya ng'ombe, ambayo mpaka leo haijaondoka. Magari ya serikali na ya misheni wakati wa ukoloni na baada ya uhuru yalikuwa mara nyingi Land Rover, gari la Uingereza lililoanza kutengenezwa mwaka 1948. Toyota ilianza kutumia jina la Land Cruiser mwaka 1954, na Hilux ya kwanza ilitoka mwaka 1968, ikiundwa na kiwanda cha Hino kwa niaba ya Toyota.

Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–1979 Tanzania ilikosa fedha za kigeni, na gari jipya likawa kitu cha serikali, mashirika ya umma na miradi ya wafadhili. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa nje, na pikapu zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoletwa na wafanyabiashara. Mwaka huo huo Toyota ilitoa Land Cruiser ya mfululizo wa 70. Pikapu ya mfululizo huo inayojulikana zaidi sasa, namba 79, ilianza mwaka 1999. Ile ya kebini mbili ilifuata mwaka 2012.

Miradi ya wafadhili ilichangia kwa njia nyingine. Gari lenye namba za DFP likimaliza muda wake hupigwa mnada, na gari la serikali vivyo hivyo. Kwa watu wengi wa mikoani, pikapu ya kwanza kuimiliki ilitoka kwenye mnada wa namna hiyo. Kwa kuwa miradi hiyo ilipenda sana Toyota, mafundi walijifunza Toyota, na wauzaji wa spea wakaweka spea za Toyota. Mnunuzi wa leo anaikuta hali hiyo imekwisha kujengwa.

Pikapu kubwa za Marekani

Marekani na Kanada pikapu ya kawaida ni kubwa zaidi: Ford F-150, Chevrolet Silverado, Ram 1500 na Toyota Tundra. Mfululizo wa Ford F ulianza mwaka 1948 na umeongoza mauzo ya pikapu nchini Marekani tangu 1977. F-150 ina upana wa takribani mita 2 bila vioo vya pembeni, na matoleo mengi yana urefu wa karibu mita 6. Hilux ina upana wa takribani mita 1.85 na urefu wa mita 5.3.

Magari hayo hutengenezwa kiwandani yakiwa na usukani kushoto, ilhali Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani huwa kulia. Mengi hutumia injini kubwa za petroli, tena spea zake hazipatikani madukani. Na pamoja na ukubwa wote huo, matoleo mengi ya F-150 hubeba mzigo uleule wa tani moja au pungufu kama Hilux ya kebini moja, kwa kuwa yametengenezwa zaidi kwa kuvuta tela na kwa starehe ya abiria.

Mgawanyiko huu wa dunia ulisaidiwa na siasa za biashara. Mwaka 1964 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa magari madogo ya mizigo kutoka nje, katika ugomvi na nchi za Ulaya juu ya nyama ya kuku. Ushuru huo ulibaki, ukawalinda watengenezaji wa Marekani dhidi ya pikapu ndogo za kigeni. Hilux iliondoka katika soko hilo, na mwaka 1995 nafasi yake ikachukuliwa na Tacoma. Kwingineko duniani pikapu ya tani moja ndiyo iliyotawala.

Hilux na Land Cruiser

Magari haya mawili hutoka kampuni moja lakini yamejengwa kwa mawazo tofauti. Land Cruiser 79 ina ekseli nzima mbele na nyuma. Mbele kuna springi za koili, nyuma springi za bapa. Fremu yake ni nzito na tangi lake la mafuta ni kubwa. Kwa miaka mingi toleo lililouzwa Afrika lilitumia injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye sentimita za ujazo 4,164, isiyo na tabo wala mfumo wa kompyuta wa kupuliza mafuta. Injini hiyo si ya kasi. Sifa yake ni kwamba fundi wa wilayani anaweza kuifungua, kupima nozeli, kutengeneza pampu na kuiwasha tena bila kifaa cha kompyuta. Bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele ndilo lililoyapa magari ya mfululizo huu jina la mtaani la «mkonga».

Hilux ni nyepesi zaidi, inakunywa mafuta kidogo na humpumzisha dereva kwenye lami. Tangu kizazi cha 2005 magurudumu ya mbele ya Hilux hujitegemea kila moja badala ya kuunganishwa na ekseli moja, jambo linalolainisha safari lakini linaongeza bushi na bolijointi za kubadilisha pale barabara inapokuwa na mashimo. Kizazi cha 2015 kina injini za dizeli za lita 2.4 na 2.8 zenye tabo. Hilux za zamani zenye injini za 3L na 5L, ambazo kwa ufundi wake zinakaribiana na 1HZ, bado zinatafutwa na wanaotaka gari la kijijini, na bei yake hailingani na umri wake.

Katika ulaji wa mafuta, 1HZ yenye mzigo kwa kawaida hupita lita 12 kwa kilomita 100, wakati Hilux ya lita 2.4 inaweza kubaki chini ya 10. Sumbawanga iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na bei kikomo zinazotangazwa kila mwezi na EWURA hupanda kadiri wilaya ilivyo mbali na bandari ya kupokelea mafuta. Anayekwenda Kasanga na kurudi mara tatu kwa wiki kuchukua samaki ataiona tofauti hiyo mfukoni kabla ya mwaka kwisha. Kwake Hilux ina hoja nzuri. Anayetoa mahindi mashambani msimu wa mvua, au kubeba vifaa vya ujenzi hadi vijiji vya mpakani mwa Zambia, hutazama zaidi fremu na ekseli, na hapo Land Cruiser haina mshindani wa kweli. Mpaka mwaka 2023 mnunuzi wa 79 alikuwa pia akikubali giaboksi ya mkono pekee. Mwaka huo Toyota ilionyesha toleo lililofanyiwa marekebisho, likiwa na injini ya lita 2.8 ya silinda nne kama ile ya Hilux na giaboksi ya otomatiki. Ubishi kuhusu injini ipi itadumu umeanza upya tangu hapo, na majibu ya watumiaji wa barabara za udongo yatachukua miaka.

Wapinzani wengine

Isuzu D-Max ilianza mwaka 2002. Nguvu yake Afrika Mashariki inatokana na jina la Isuzu katika malori na mabasi: fundi aliyezoea dizeli za kampuni hiyo haogopi D-Max. Nchini Kenya kiwanda cha General Motors East Africa cha Nairobi, kilichokuwa kikiunganisha magari ya Isuzu, kiligeuka kuwa Isuzu East Africa mwaka 2017.

Ford Ranger ya kizazi kilichoanza 2011 hutengenezwa Silverton, Afrika Kusini, nchi ambayo pia huunda Hilux katika kiwanda cha Prospecton, Durban. Huko na Australia ushindani wa Ranger na Hilux ni mkali. Mwaka 2023 Ranger iliipita Hilux kwa mauzo Australia. Ranger ina nguvu nyingi na kebini nzuri. Udhaifu wake kwa mtu wa Matai hauko ndani ya gari lenyewe bali ni umbali wa duka la spea na wa fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu zake. Hayo hayo husemwa juu ya Nissan Navara. Mitsubishi L200, iliyoanza mwaka 1978, iko katikati: si ngeni kwa mafundi, lakini spea zake si nyingi kama za Toyota. Pikapu za China na India, kama Great Wall, JAC, Foton na Mahindra, huvutia kwa bei ya gari jipya.

Kuna pia washindani ambao si pikapu. Kwa mzigo wa tani mbili au tatu kwenye njia nzuri, Mitsubishi Canter hushinda pikapu yoyote kwa gharama ya kila gunia. Kwa mizigo midogo ya mjini, kirikuu na pikipiki za magurudumu matatu zimechukua kazi nyingi zilizokuwa za pikapu. Pikapu inabaki na nafasi yake pale ambapo njia ni mbaya kwa Canter na mzigo ni mzito kwa pikipiki.

Uzito wa mzigo

Pikapu nyingi za kundi hili huruhusiwa kubeba kati ya kilo 700 na tani moja, au kupita hapo kidogo. Kebini mbili hupunguza urefu wa bodi na uzito unaoruhusiwa. Kwa gunia la mahindi la kilo 100, tani moja ni magunia kumi. Hesabu hiyo huharibiwa na lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kilemba juu, ambalo Wakala wa Vipimo hulipiga marufuku kwa sababu humwibia mkulima. Magunia kumi ya lumbesa yanaweza kuzidi tani moja kwa mbali, na dereva anayehesabu magunia badala ya kilo hupakia kupita kiasi bila kujua.

Wamiliki wengi huongeza majani ya springi nyuma ili bodi isiinamie. Springi hizo huzuia kuinama tu. Breki, ekseli, beringi na fremu hubaki na uwezo uleule wa kiwandani. Fremu zilizopasuka nyuma ya kebini na kuchomelewa ni dalili ya historia hiyo, na ni mahali pa kwanza pa kukagua pikapu iliyotumika.

Spea, mafundi na mafuta

Injini za kisasa za dizeli hupuliza mafuta kwa shinikizo kubwa sana kupitia injekta zinazoongozwa na kompyuta. Zina nguvu na hutumia mafuta vizuri, lakini hazivumilii maji wala vumbi ndani ya dizeli. Tangu mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimetumia kiwango cha dizeli chenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, ambacho kiliondoa tatizo moja. Hakikuondoa lile la dizeli inayouzwa kwa madumu mbali na vituo. Injekta nne zikiharibika pamoja, gharama yake inaweza kufuta faida ya msimu. Mwenye gari la aina hiyo hubadilisha chujio la mafuta mapema kuliko kitabu kinavyosema, na humwaga maji yanayokusanyika kwenye chujio.

Tairi nazo huingia katika uchaguzi. Land Cruiser nyingi za kazi hutumia tairi nyembamba za inchi 16 zenye tyubu, ambazo fundi pancha wa kijijini huziba kwa vifaa vyake vya kawaida. Pikapu za kifahari huja na rimu za inchi 17 au 18, na tairi za kipimo hicho huenda zikaagizwa Mbeya au Dar es Salaam. Spea bandia za Toyota ni nyingi kuliko za chapa nyingine kwa sababu ileile inayofanya spea halisi ziwe nyingi, yaani soko lake kubwa.

Kununua

Mtu aliyezoea kuagiza gari dogo lililotumika kutoka Japani hushangaa kukuta pikapu ni chache na ghali. Sababu ni kwamba Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017 tu, na Land Cruiser 70 nayo iliondolewa katika soko hilo mwaka 2004, ikarudi kwa muda mfupi mwaka 2014 na kisha tena mwaka 2023. Kwa hiyo pikapu zilizotumika hutafutwa zaidi Thailand, Uingereza na Afrika Kusini, ambako usukani huwa kulia kama Tanzania. Zilizotoka Uingereza zikaguliwe kutu, kwa kuwa barabara zake humwagiwa chumvi wakati wa baridi.

Gari likifika hutozwa ushuru wa forodha, ambao katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 25, na VAT ya asilimia 18, pamoja na tozo nyingine zinazotegemea aina na umri wa gari. Anayekusudia kubeba mizigo ya kukodi anapaswa pia kupata leseni ya LATRA, mamlaka iliyochukua kazi za SUMATRA mwaka 2019. Bei ya kuuzia tena ni sehemu ya hesabu: Hilux na Land Cruiser hushuka thamani polepole, na wanunuzi wengi wa Rukwa huzitazama kama akiba, sawa na ng'ombe.

Usalama

Pikapu ni ndefu kwenda juu na nyepesi nyuma ikiwa tupu, hivyo hupinduka kirahisi kuliko gari dogo. Jarida la Sweden la Teknikens Värld lilipojaribu Hilux kwa kuikwepesha kizuizi ghafla, mwaka 2007 na tena 2016, gari liliinuka kwa magurudumu mawili. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP lilipima Nissan NP300 Hardbody, pikapu iliyouzwa sana Afrika, na kuipa nyota sifuri ya kulinda abiria wazima, ingawa ilikuwa na mifuko ya hewa. Hardbody iliyotumika ni rahisi kununua, na matokeo hayo yanafaa kujulikana kabla ya kulipa.

Kwenye miteremko ya kuelekea Kasanga na bonde la Rukwa, breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. Gia ndogo ndiyo hupunguza mwendo, na dizeli kubwa ya giaboksi ya mkono huifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Hatari kubwa zaidi ni watu kupanda juu ya magunia kwenye bodi, jambo linaloonekana siku za mnada na la kawaida pale ambapo hakuna basi. Bodi haina mkanda wala paa, na hakuna chapa ya pikapu inayopunguza hatari hiyo.